Jina la Mjukuu wa Fundi Shekigenda

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi bali zamani ya juzijuzi, nilikuwapo Korogwe na yote niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Anayebisha aseme yeye siku hiyo alikuwa wapi.

Palikuwa na fundi redio, Shekigenda. Mikono yake ilijua kazi. Mdomo wake ulijua zaidi. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, siku sita zilikuwa zimepita, na kesho yake ilikuwa siku ya saba, siku ya kumpa jina. Fundi akaapa mbele ya wageni kwamba jina likitajwa, kompyuta yake kongwe ya miaka arobaini itakuwa inawaka. Kumbe ilitoka nchi ambayo umeme wake ni nusu ya wetu. Ikambidi afungue pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa umeme, abadilishe mambo ndani.

Mkewe, Mwantumu, alishasikia kwamba umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, hupitia moyoni. Akamtia mkono wa kushoto mfukoni, akashona shati na suruali pamoja, mkono usitoke.

"Ukiwashwa niite nikukune," akasema.

Mama mkwe, Bi Stara, alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mkonge mpaka alipostaafu. Lakini mkwe ni mkwe: hatazamwi usoni, haulizwi mara mbili. Akasema naye akiwa nyuma ya pazia:

"Baba, humo mna kapasita nene kama betri ya tochi. Hushika umeme hata plagi ikiwa nje. Igusishe nyaya za balbu mpaka balbu izimike. Na ziko mbili."

Pale kwenye "ziko mbili" mtoto akalia. Fundi hakusikia. Amuulize nani, mkwe?

"Naam, mama," akajibu.

Akachomoa plagi, akarudi mezani. Jirani yao, Siwatu, akaingia na simu iliyokwisha chaji, akachomoa plagi nyingine, akachomeka yake. Fundi akagusisha nyaya za balbu. Balbu ikamulika, ikafifia, ikazimika. Kapasita ya kwanza ikaisha umeme, pacha wake akabaki ameshiba. Fundi akatia kidole.

Alirushwa pamoja na kiti chake. Alitua chini ya pazia, uso kwa uso na mkwewe.

Alipoinuka, akasema, "Mjukuu ataitwa jina la aliyeniokoa."

Heri angekaa kimya.

"Basi aitwe Mwantumu," mkewe akasema. "Mkono wa pili ungeshika lile bati la kisanduku, saa hizi tungekuwa tunachemsha maji ya kukuosha."

"Moja imemrusha," Bi Stara akasema. "Mbili zingemzika. Habari ya balbu aliitoa nani?"

"Mama, si umemwambia nusu?" Mwantumu akadakia.

"Nimemwambia yote. Kusikia ni kazi ya masikio yake."

Siwatu akacheka. "Fundi, ulichomoa plagi ya pasi. Ya kompyuta nimeichomoa mimi, nichaji simu. Ingekuwa ukutani bado, uzi na balbu vingekufaa nini?"

"Wewe ulikuja kuiba umeme," Mwantumu akamwambia.

"Mwizi akizima moto, nyumba iwashwe tena?"

Fundi akapiga hesabu. Akimnyima mke jina, hatapikiwa. Akimwacha mkwe, mke ataondoka na mama yake. Akimwacha Siwatu, anamdhulumu aliyeukata umeme wenyewe. Usingizi hakuupata.

Sasa ni asubuhi, mtoto amenyolewa, watu wameketi, wote wanautazama mdomo wa fundi.

Nami, kwa kuwa si mwongo, nikiri moja: hilo la simu, hata kwenye maneno yao, nimelitia mwenyewe. Siwatu aliingia mikono mitupu, akaitazama meza, akachomoa plagi ya kompyuta, akaketi. Kwa nini, hajasema mpaka leo.

Je, mtoto aitwe nani?