Bangili ya Wendelini na Mikono Mitatu

Kaeni vizuri, na anayejijua ana jibu la haraka akae mbali nami. Hadithi hii imeshagombanisha watu wazima pale Morogoro, na mimi sina nguvu za kuamulia.

Palikuwa na mtu anaitwa Wendelini Mkude, na kazi yake ilikuwa karata. Msicheke! Wengine wanaamka kwenda shamba, wengine dukani. Yeye alipanda basi kwenda kwenye mashindano ya poka, Dar, Nairobi, Kampala, na ndiko alikokula. Msiniulize halali wala haramu, hilo lina wenyewe. Na nyuma ya Wendelini kulikuwa na watu watatu.

Wa kwanza dada yake, Skola, mwenye kukodisha vyombo vya shughuli. Harusi ya sahani mia tatu, Skola haandiki popote. Baada ya wiki mbili anabisha hodi kwako: "Mama Asteria, naomba mwiko wangu ule wa mpini mfupi." Na kweli unao! Akishakiona kitu, hakisahau.

Wa pili mkewe, Zamoyoni, muuza mitumba sokoni. Shika gauni lake ujifanye hulitaki, atakutazama usoni acheke. Kumdanganya huyo, labda ujivike gunia kichwani.

Wa tatu rafiki yake, fundi saa Kobelo. Mtu wa kukaa. Atashinda na koleo mkononi tangu asubuhi mpaka kigurudumu kimoja kiingie mahali pake, wala hahemi kwa hasira.

Sasa, Wendelini alijifunzia karata barazani, kwenye turufu. Mnajua barazani kunavyochezwa. Ukipata karata nzuri huilazi kimya kimya. Unainuka kidogo, unaibamiza, pa! "Kula hiyo!" Mkeka unaruka. Poka sivyo. Kwenye poka unapewa karata mbili unazificha, nyingine zinawekwa mezani wote wazione, halafu mnapandishiana dau. Mwenye karata mbovu anaweza kumshinda mwenye nzuri, mradi amtishe akimbie. Wendelini akipata nzuri, mkono ulipanda wenyewe kutaka kubamiza, na meza nzima ikajitoa. Akipata mbovu akataka kutisha, alilamba mdomo. Miaka miwili alirudi nyumbani mikono mitupu.

Ndipo watu wake walipomshika. Skola akaanza kufuatana naye kwenye mashindano. Aliketi nyuma na watazamaji, akaweka kichwani kila mchezaji alivyocheza. Mapumzikoni alimnong'oneza mdogo wake, "Yule wa shati jeupe akiinamisha shingo, ana kitu." Hakukosea hata siku moja. Wendelini akamshika kiganja. "Dada, nikipata bangili ya dhahabu wanayovishwa mabingwa, naivika mkono huu huu."

Zamoyoni alimkalisha chini, mikono chini ya mapaja. "Haya, nidanganye."

"Jana nilikuwa kwa Kobelo."

"Umelamba mdomo. Tena."

Miezi minane, kila siku baada ya chai. Siku aliyodanganya uso ukiwa mkavu kabisa, Zamoyoni alipiga vigelegele, halafu akakumbuka anashangilia nini, akanuna mpaka jioni. Wendelini akambembeleza. "Mke wangu, bangili ikija ni yako."

Kobelo naye alimfundisha kutupa karata mbovu na kungoja nzuri. Aliweka meza ndogo kati ya saa zake, akawa anamgawia karata. "Tupa. Tupa. Hizo nazo tupa." Mtu aliyezoea barazani, ambako kila karata lazima ichezwe, alitaka kulia. Lakini alizoea. "Ndugu yangu," Wendelini akamwambia, "bangili itakaa dirishani kwako, kila mpita njia aione."

Mnaliona kosa? Bangili moja, ahadi tatu, na kila mmoja aliitunza yake bila kumwambia mwenziwe.

Ikafika siku ya fainali, hoteli moja kubwa Dar. Wakabaki wawili, Wendelini na jamaa wa Kampala anaitwa Byaruhanga, mtu wa miwani myeusi. Tangu asubuhi Wendelini alikuwa akitupa karata, kama alivyofundishwa. Ikawa akiingia mchezoni mara moja, watu wanaamini ana moto. Mchana Skola akamnong'oneza, "Kopa tatu zikitokea mezani, huyu anaogopa mwenzake ana mbili za kukamilisha tano. Nimemwona mara nne, mara nne amekimbia."

Alasiri, kopa tatu zikatokea mezani. Wendelini mkononi hakuwa na kopa hata moja. Hakuwa na chochote. Akasukuma mbele dau lake lote.

Byaruhanga akavua miwani, akamkodolea macho. Zamoyoni, safu ya mbele karibu na Kobelo, akamtazama mumewe, na Wendelini akamwambia mkewe kimoyomoyo, kama walivyozoea, "Jana nilikuwa kwa Kobelo." Uso mkavu. Mdomo umetulia. Byaruhanga akahesabu pumzi za mwenzake, akazitupa karata zake, na zilikuwa nzuri!

Byaruhanga alibakiwa na kidogo, nacho kikaisha raundi iliyofuata. Bingwa! Wendelini akavishwa bangili ya dhahabu, ukumbi ukasimama. Akageuka kwa watu wake, na mikono mitatu ikanyooka mbele yake.

Wakatazamana wao kwa wao.

"Wifi, wewe unanyoosha mkono wa nini?" akauliza Skola.

"Wa kuvishwa. Na wewe?"

"Mimi nimembeba mgongoni huyu! Wewe umemkuta na ndevu."

"Nimemkuta na ndevu na mdomo unalambalamba. Asingeshinda hata watoto."

Kobelo akakohoa. "Shemeji, dada Skola, bila kutupa karata tangu asubuhi, nani angemwamini?"

"Mwanamume mzima unataka bangili!" Zamoyoni akamgeukia.

"Nimeahidiwa," akasema Kobelo, mkono bado ameunyoosha.

Ee, wivu ukaingia nyumba tatu. Skola akaacha kupita kwa wifi yake, akahesabu kichwani kila neno baya alilowahi kuambiwa. Zamoyoni, kila mumewe alipotoka, alimuuliza, "Unaipeleka kwa nani?" Kobelo, mtu wa subira, alifunga duka siku tatu, akakaa ndani akiumia kwamba hakuna aliyemwona. Wendelini akaificha bangili kwenye kopo la unga. Akasema aikate vipande vitatu; wote wakakataa kwa sauti moja. Mashindano yaliyofuata Nairobi hakuna aliyemsindikiza, na kila mmoja alimwombea ashindwe kwa kukosa lile alilokuwa akimpa yeye. Akashindwa kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili iliyopita akawaita wote sebuleni. Akaiweka bangili mezani, unga bado umeganda ukingoni.

"Nisikilizeni," akasema. "Siwezi kucheza bila nyinyi, na siwezi kuishi bila nyinyi. Wallahi, moyoni mwangu nyote mko sawa. Hakuna ninayempenda kuliko mwenzake."

Na akalamba mdomo.

Wote watatu walimwona. Skola akashusha macho, Kobelo akageukia ukutani, Zamoyoni akajifunika kanga usoni. Maana kila mmoja alijua sasa kwamba yupo anayependwa zaidi, na kila mmoja aliamini si yeye. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Bangili bado iko mezani, na kesho Wendelini anasafiri kwenda Kampala. Atakayevishwa atabaki naye. Kila mmoja ameshasema asipovishwa yeye, hatakanyaga tena mlangoni pake.

Mimi msinitazame. Masufuria ya arubaini ya mume wangu yalitoka kwa Skola, na gauni hili nililovaa nimechagua kwa Zamoyoni, na saa hii ya mkononi ni Kobelo aliyeifufua. Nyinyi hamdaiwi na mtu pale. Aliyekumbuka, aliyeukausha uso, na aliyefundisha kungoja: bangili ni moja, na mwenyewe ameshalamba mdomo. Ungekuwa wewe Wendelini, ungeuvika mkono wa nani, na ungewatazamaje wale wawili?