Mmea wa Maziwa na Jina Lililotundikwa

Pa!

Mmeisikia?
— Tumeisikia.
Ni kuni imepasuka?
— Si kuni.
Ni mlango umegongwa?
— Si mlango.
Basi sogeeni, ngano imeshafika uani.
— Ipite ikae, tumeshaitandikia.

Hapo kale, kale ya kale, njia zilipokuwa bado hazijui ziendako, palikuwa na kijiji mteremkoni, juu ya mto. Katika kijiji hicho aliishi mwanamke mjane jina lake Sikitu. Usiku mmoja Sikitu alikuwa amelala, akasikia nje ya ukuta: pa. Mara moja tu. Akaketi kitandani. Alikuwa na mtoto wa kike ambaye zamani, akirudi kutoka kisimani, hakupiga hodi kama watu wengine. Alipiga ukuta kofi moja, pa, na mama akajua.

Sikitu akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na giza, na harufu ya vumbi linalongoja mvua.

Nisikilizeni vizuri. Mtoto huyo alichukuliwa na mto mwaka wa mafuriko, na hakuonekana tena, wala yeye wala nguo yake. Na desturi ya kijiji ilikuwa hivi: mtu asiye na kaburi, jina lake halitamkwi. Walisema jina limetundikwa, kama mbegu ya mahindi inavyotundikwa darini juu ya moshi. Ukilitamka, atalisikia huko aliko, atageuka, na njia ya kurudi haipo. Atabaki katikati. Kwa hiyo watu walimwita yule wa mto. Mama yake hakumwita chochote. Miaka mitano sasa alilala na jina lile kinywani, hakulimeza, hakulitoa.

Kulipokucha Sikitu akaona kilicholia. Nyuma ya nyumba, pale palizi isipofika, ulisimama mmea mmoja uliokauka. Ni ule mmea ambao ukikata jani lake hutoa maziwa meupe, na matunda yake huvimba kama kibofu cha mbuzi, mepesi, yamejaa hewa. Tunda moja lilikuwa limepasuka. Ndani mbegu zilipangana kama magamba ya samaki, kila mbegu na nywele zake nyeupe, laini kuliko pamba, na upepo umeanza kuzichukua.

Juu ya bua kavu alikuwa ametua kipepeo, rangi yake ya moto, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Bawa moja lilikuwa limechanika.

"Hodi, mama mwenye nyumba," alisema kipepeo. "Pana mahali pa kutaga?"

Sikitu akamwonyesha mahindi. Kipepeo akasema, "Wanangu hawali hayo." Akamwonyesha kunde. "Wanangu hawali hizo." Akamwonyesha boga. "Wanangu hawali hilo."

"Wanakula nini basi?"

"Wanakula huu wa maziwa, na mwingine hawaujui. Mama alizaliwa juu yake, na bibi alizaliwa juu yake. Kwetu husimuliwa kwamba zamani tulikuwa tukishuka hapa na mvua ya kwanza, wengi, na palikuwa na mtoto anasimama uani amenyoosha mikono, tunatua juu yake mpaka mabegani."

Sikitu akashika ukuta. Akamwuliza kama, katika kupita kwake mtoni, hajamwona mtoto huyo.

"Anaitwa nani?" akauliza kipepeo. "Nikimwona, nimwite vipi?"

Sikitu akafungua kinywa, akakifunga.

Kipepeo hakumsumbua. Akamwambia apande ule wa maziwa. Atarudi yeye, au atarudi mwanawe, na watamwuliza tena. Akapanda upepo na bawa lake bovu, akaenda zake.

Sikitu akavua kitambaa cha kichwa, akalifunika tunda lisimwagike. Mbegu alizoziokoa akazifunga katika pindo la kanga, mafundo matatu.

Sasa mjue palizi ya kijiji kile. Ilikuwa ya pamoja, shamba kwa shamba, ua kwa ua. Mbele alitembea Sengasu, ndugu wa marehemu mume wa Sikitu, na nyuma yake safu ya watu na majembe. Kila alipofika kwenye mmea aliugusa kwa mpini, akauliza, "Jina?" Mwenye shamba akajibu. Mmea wenye jina uliachwa, usio na jina uling'olewa. Na jina halikutungwa hewani. Mmea mgeni ulipewa jina la mtu wa nyumba iliyoupanda, ndiyo maana palikuwa na mhogo Mwanakombo na kunde Sijali. Mtu mmoja, mmea mmoja, basi. Jina la Sikitu lilikuwa limeshachukuliwa na boga la kwao. La marehemu mumewe lilikuwa kwenye mtama. Nyumba ile haikuwa na jina jingine la kutoa.

Mvua ikanyesha. Sikitu akafungua fundo la kwanza. Akakwaruza udongo nyuma ya nyumba, akalaza mbegu ubavu, akazifunika kiasi cha kufunika ukucha. Zikaota. Mche mmoja Sikitu alijaribu kuuhamisha, mzizi wake mrefu ukakatika, mmea ukafa mkononi mwake. Iliyobaki hakuigusa. Ikafika magotini.

Palizi ikaja. Sengasu akagusa kwa mpini. "Jina?"

"Mboga," akasema Sikitu.

Sengasu akachuma jani, akatafuna. Uso ukamkunjamana wote, akatema, akafuta ulimi kwa kiganja. "Shemeji," akasema, "na marehemu ulimpikia mboga hii? Sasa najua kwa nini alitutangulia."

Watu wakacheka, Sikitu naye akacheka kidogo, na jembe likashuka. Maziwa yakadondoka udongoni. Jioni akaja kipepeo, mtoto wa yule wa kwanza, akazunguka uani mara tatu asione pa kutua. Akauliza, "Mama mwenye nyumba, mwanao anaitwa nani?" Sikitu akanyamaza. Kipepeo akaenda zake.

Mvua ikaondoka, mvua ikarudi. Sikitu akafungua fundo la pili. Akakwaruza, akalaza, akafunika. Zikaota, zikafika magotini, na palizi ikaja.

"Jina?"

"Dawa."

"Ya nini?"

"Ya kikohozi, shemeji."

Sengasu alikuwa na kikohozi tangu mavuno. Akakata jani, akalamba maziwa yake, na hakumaliza kulamba kabla hajainama. Akatapika mpaka wakamshika kiuno. Alipopata pumzi akasema, "Kikohozi kimekwenda, shemeji, na uji wa asubuhi umekwenda nacho." Jembe likashuka. Jioni akaja kipepeo, mjukuu wa yule wa kwanza, akazunguka mara tatu, akauliza lile lile. Sikitu akanyamaza, na safari hii alinyamaza akilia.

Mvua ikaondoka, mvua ikarudi. Likabaki fundo moja.

Fundo hilo Sikitu hakulipeleka nyuma ya nyumba. Alilifungulia mbele, katikati ya ua, pale alipokuwa akisimama yule wa mto na mikono yake. Mimea ikaota, ikapita magoti, ikafika kiunoni. Ikatoa maua madogo meupe yanayoinamisha vichwa, vishada vishada. Nyuki waliokuwa wamehamia ng'ambo wakarudi. Nyigu wakaja, mbawakavu wakaja, na ua ule uliokuwa kimya miaka saba ukaanza kunguruma taratibu kama chungu kinachokaribia kuchemka. Sikitu akawa anakula chakula chake pale, ameketi kwenye kigoda, sahani mapajani. Majirani walipomwuliza anamngoja nani, aliwaambia anapunga upepo.

Kisha akaja kipepeo, kitukuu. Akataga mayai chini ya majani, moja hapa, moja pale, madogo kama punje za chumvi. Yakaanguliwa. Wakatoka viwavi wenye mistari, nyeusi na nyeupe na njano, wakaanza kula, na hawakuacha.

Kipepeo akamwambia Sikitu, "Mimi ndiye wa mwisho anayeijua njia ya hapa. Hawa wakiota mabawa, njia itakuwapo. Jembe likiwakuta, hakutakuwa na wa kusimulia habari za mtoto wako."

Siku ya tatu palizi ikaja.

Sengasu akasimama mbele ya mimea ile. Hakutania. Safu nzima ikasimama nyuma yake, matope yakiwafika vifundoni. "Jina?"

"Pitisha, shemeji," akasema Sikitu.

"Nikipitisha wako nitapitisha wa kila mtu, na mwakani tutavuna magugu." Akageuza jembe. "Jina?"

Mwanakombo, yule mwenye mhogo wake, akanong'ona kutoka katika safu, "Sikitu dada yangu, upe jina la mbuzi wako, tuende, jua linapanda." Hakuna aliyecheka.

Sikitu akamtazama kiwavi mmoja aliyekuwa ukingoni mwa jani, kichwa juu, hajui jembe ni nini. Miaka saba ameogopa mtoto asije akasikia, akageuka, akabaki katikati. Na sasa akajiuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo, huyu asiyeitwa na mtu, kama si katikati.

"Shemeji," akasema, "mbegu ya mahindi mnaitundika darini kwa nini?"

"Tuipande, kwa nini kingine?"

"Ikikaa misimu mingapi bado inaota?"

Sengasu akafikiri. "Miwili. Wa tatu kwa bahati."

"Ya kwangu ina saba," akasema Sikitu.

Sengasu akaelewa. Watu wote wakaelewa, na baadhi wakaziba masikio. Jembe lilibaki juu mkononi mwa Sengasu, kwa sababu mtoto yule alikuwa wa ndugu yake, na yeye pia alikuwa hajalitamka jina lake.

Hapa naitua ngano, enyi mnaoota moto, kabla usingizi haujanitua mimi.
— Itue, lakini usiimwage.

Jembe halikushuka. Viwavi walishiba, wakajining'iniza, wakatoka na mabawa, na mpaka leo mvua ya kwanza ikija huja nao, na palizi ya kijiji kile huuzunguka mmea ule wa maziwa. Mto haukumrudisha mtoto, sitawadanganya. Mama yake bado humngoja. Ila sasa humngoja akimwita, na vipepeo wanapouliza, huwajibu.

Funzo ni hili: anayeondoka hahifadhiwi kwa kunyamaziwa. Na mmea usioujua, ukiung'oa, umemfukuza na mgeni aliyeuendea. Mimi mwenyewe nilikuwamo katika safu ile, nimepewa kibuyu cha maji ya wapalizi; nikayanywa yote njiani, ndiyo maana hawakunipa chakula, na ndiyo maana nawasimulia nikiwa na njaa. Nimesema yangu, na asiyelala na aseme yake.
— Na jina? Mbona hujatuambia jina?

Jina si langu, ni la mama. Najua hivi tu: waliokuwa mwisho wa safu hawakusikia vizuri, wakadhani wanaamriwa wazungumze. Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, huyu anakumbuka kicheko cha mtoto, yule anakumbuka alivyoiba miwa yake, na hivyo ndivyo yule wa mto alivyorudi kusimuliwa.

Sengasu aliuliza mara ya tatu, "Jina?"

Sikitu akapiga magoti matopeni. Akaukinga mmea kwa viganja viwili, midomo ikacheza bila sauti, kisha sauti ikaja.

"Semeni."