Mstari wa Maji Nyumbani kwa Masatu

Alama ya maji haipakwi chokaa. Mmeisikia leo kwa mjomba wenu, akimkanya mtu aliyekuwa akiuza mtumbwi wenye kiraka alichokificha. Mkacheka, kisha mkauliza maji na chokaa vimekutana wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika ufuko wa Majita aliishi mzee Masatu, mvuvi aliyekwisha kutundika nyavu, na mkewe Nyangeta, ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Mtoto wao wa pekee, Nyamisi, alikuwa ameolewa Bunda, na hakuchoka kutuma salamu kwamba wahamie kwake awatunze. Shida ni kwamba, kwa desturi yao, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hata awe hajiwezi. Nyangeta alisema wazi kwamba bora atambae mpaka kaburini kuliko kumwaibisha binti yake. Basi dawa ilikuwa moja: wauze nyumba ya ziwani, wanunue kijumba chao wenyewe jirani na Nyamisi.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kubezwa. Ilitazama maji na kupata upepo, mwalo wa kutia mitumbwi ulikuwa karibu, na barabara ilipitika hata masika. Matete yalikuwa mbali, kwa hiyo kiboko hakuwa na sababu ya kupita uani. Kasoro yake ilikuwa mstari wa kahawia uliozunguka kuta zote, usawa wa goti. Uliachwa na ziwa mwaka lilipofura likaingia majumbani.

Dalali aliyewatafutia mnunuzi, mtu wa maneno mengi na viatu safi, aliutazama mstari ule akaguna. Akamweleza Masatu kwamba wanunuzi hununua kwa macho, na wakiona alama ile watakimbia. Apake chokaa, na akiulizwa aseme maji hayakufika. Masatu hakuwa mwongo. Lakini alimwona mkewe akijiburuta kwenda jikoni, roho ikamuuma, akanunua chokaa. Nyangeta alinung'unika siku nzima, mwishowe akanyamaza.

Mnunuzi aliyekuja aliitwa Tungaraza, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole. Jambo ambalo dalali hakulijua ni kwamba mwalimu huyu alizaliwa Ukerewe, na mtu wa visiwani hununua nyumba kwa kiganja. Aliusifu upepo, akausifu mwalo, kisha akaizunguka nyumba polepole, ameinama, mkono ukutani. Alipomaliza akageuka.

"Mzee mwenzangu, mwaka ule maji yalifika wapi?"

Masatu aliutazama ukuta. "Hapa hayakufika," akasema.

Mwalimu hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Masatu zaidi. "Jirani yako wa kushoto ana mstari gotini," alisema. "Wa kulia, gotini. Ziwa haliruki nyumba, mzee. Ningeuona mstari wako ningejua ninanunua nini. Sasa umenificha, itabidi niukadirie mwenyewe, na mimi nitauweka darini."

Akataja nusu ya bei, akaaga, akaenda mwaloni kungoja mtumbwi wake. Dalali alikuwa amekwisha kupotea. Masatu akaketi kizingitini, mikono kichwani. Nusu ile isingenunua hata banda Bunda.

Nyangeta alikuwa ndani, na kila neno alikuwa amelisikia. Akatoka akijikokota, kisu cha kuparia samaki mkononi, akaketi chini penye ukuta, akaanza kukwangua. Chokaa ilimwagika mapajani mwake. Masatu akamwomba aache, wasiongeze aibu juu ya aibu.

"Aibu ipi?" mkewe akamuuliza. "Mawe ya msingi huu uliyaleta kwa mtumbwi, safari baada ya safari, watu wakakuona punguani. Ziwa likaja, likakaa humu ndani siku arobaini. Nyumba za wangapi zilianguka? Hii ilisimama. Huo mstari ndio shahidi wako, Masatu, na wewe umemziba mdomo."

Masatu alisimama, akateremka mwaloni mbio kama mzee anavyoweza kukimbia, akamkuta mwalimu ameshainua mguu apande. Akamwambia pale pale, mbele ya wavuvi, kwamba alimdanganya, kwamba maji yalifika gotini yakakaa siku arobaini, na kwamba anamwomba arudi aone.

Mwalimu akarudi. Mstari ulikuwa umetokeza kuzunguka pembe nzima, na Nyangeta bado anakwangua. Akapiga magoti kando yake, akagonga ukuta juu ya mstari, kisha chini yake. Sauti ilikuwa moja; maji hayakuulegeza ukuta.

"Siku arobaini?" akauliza.

"Arobaini," Nyangeta akasema. "Na mimi nikipika juu ya meza."

Mwalimu akainuka, akampa Masatu mkono kwa bei nzima, si ile nusu.

Wakahamia Bunda kabla ya mavuno. Nyamisi aliwapokea kwa uji, jioni akavuka uwanja kurudi kwake, na mama yake akabaki chini ya paa lake mwenyewe, heshima yake haijapungua hata kidogo. Nyangeta alilia kwa furaha, na hakujificha.

Nanyi mtakuja kuuza nyumba, mtaoa, mtaolewa, mtaomba kazi. Anayetaka kukaa nanyi ataweka kiganja ukutani. Mwonyesheni maji yalipofika, ndipo atakapoamini kwamba mlisimama. Alama ya maji haipakwi chokaa.