Kitabu Kilichomchekesha Makame

Sogeeni, na mwenye chai yake aishike vizuri.

Mtaani kwetu wapo wanawake watatu. Saumu hapotelewi na kitu. Hata sindano ikianguka mchangani ataiona. Zumra ana sauti ya kusomea. Akikusomea karatasi ya dawa tu, unatega sikio. Chausiku naye mdomo wake hauna kifuniko. Ndiyo maana harusini hualikwa mwisho, pilau ikishaliwa, asije akaisema.

Basi alikufa Makame, mume wa Bi Shinuna. Eda ikaisha, tukaenda kumtoa, mwenyewe hatoki. Hali chakula, hasemi, amekonda mpaka bangili zinamponyoka. Binti yake, Nunu, akaingiwa na hofu ya kuzika mara mbili. Akatangaza: "Atakayemchekesha mama, cherehani yangu ni yake!" Na cherehani ile, mimi nawajua, wote watatu walikuwa wakiitolea macho.

Sasa mjue, Makame alikuwa na kitabu cha zamani cha kuchekesha, wasomi wote wanakisifu. Kila jioni anajifungia nacho, anacheka peke yake. Mkewe akiuliza, anajibiwa: "Hutakielewa, mke wangu." Ndoa nzima!

Saumu akasema kicheko kimo mle kitabuni, akaanza kukitafuta kitabu. Wenye nyumba walikwishapekua makabati na makasha. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha marehemu, akainua mto. "Mwanamume hukalia anachokificha," akasema.

Zumra akakisoma chote, kwa sauti. Mtu mnene kaanguka ndani ya pipa. Sura ya pili, kaanguka tena. Zumra akaigiza mnene, akaigiza na pipa. Bi Shinuna anatazama ukuta. Sisi wengine tunabana miayo. Kitabu cha wasomi, nani ataanza?

Akaanza Chausiku. Alipiga mwayo ukasikika uani. "Ndicho hiki? Mbona hakichekeshi! Dada Shinuna, hukukosa kitu. Yule mzee alikuwa akicheka ili udhani anajua."

Kumsema marehemu mbele ya mjane wake! Nunu akashika kichwa. Bi Shinuna akageuka taratibu, akakitazama kitabu.

"Pipa?" akasema. "Miaka yote ile nimenyimwa pipa?"

Kikamtoka kicheko, jamani! Alicheka mtandio ukaanguka, akalia kidogo, akacheka tena. Kisha akaomba uji. Jioni alikuwa kibarazani, anauliza nani kaolewa na nani kaachwa.

Ugomvi ukaanza hapo hapo.

"Bila mimi mngesoma nini?" Saumu akauliza.

"Na pipa angelijulia wapi?" akasema Zumra.

"Nyinyi mlimchosha," akasema Chausiku. "Aliyemchekesha ni mimi."

Nunu kaifunika cherehani kwa shuka, hajui amkabidhi nani. Mimi nimekwishaamua, ila leo nafunga mdomo. Je, ingekuwa wewe, ungempa nani? Sema kwa sauti, usinong'one. Wenyewe watatu wamesimama nyuma ya dirisha hilo, wanakusikiliza.