Kaniki Pembeni mwa Picha

Sogeeni, na anayetafuna karanga atafune kwa adabu, maana habari hii ina marehemu ndani yake.

Zamani, tena si zamani ya kutisha, kwa kuwa walioishi humo wengine bado wana meno yao, runinga zote zilikuwa na chogo. Kisogo kimetokeza nyuma, kizito, ukiiweka mezani meza inaguna. Uso wake ulikuwa mdogo, upana na urefu karibu sawa. Picha ilikuja na hewa, ikapokelewa na antena iliyofungwa kwenye mti wa mwanzi, na hewa ikichafuka zilimiminika chenga mpaka msomaji wa habari akapotea na habari zake. Lakini runinga za chogo zilikuwa na tabia moja njema: mtu alivyo, ndivyo zilivyomwonyesha.

Na wakati huo runinga zilikuwa na masikio. Zilisikia kila lililosemwa sebuleni, na zilisimuliana kwa hewa ile ile iliyoleta picha. Nyie mlidhani mnazitazama, kumbe mnatazamana.

Kisha ikatoka amri kwamba mitambo ya zamani izimwe na matangazo yote yaje kwa dijitali. Asiye na king'amuzi akaachiwa chenga zake. Ndipo zikaingia mjini runinga pana, bapa kama sinia la chai, hazina chogo hata cha kuazima. Zilikuja na kiburi. Zilikuwa zimeapa kwamba hakuna sehemu ya uso wao itakayokaa bila kazi. Zikipewa picha ya zamani, ile finyu, ziliishika huku na huku zikaivuta mpaka ikagusa kingo. Mpira ukawa yai. Watangazaji waliokonda wakanawiri bila kuongezwa mshahara. Wenye nyumba hawakulalamika. Walisema, "Tumenunua kioo chote, tutatazama chote."

Huko Mbinga, kwenye vilima vya kahawa, aliishi Bibi Osmunda, mjane wa Mzee Kinunda. Mzee huyu alikuwa mwembamba kweli kweli, mashavu yameingia ndani, shingo ndefu, na alipocheka uso wote uligeuka mifereji. Hakupenda kupigwa picha. Sura yake ilibaki mahali pamoja tu duniani: kwenye mkanda wa harusi ya binti yao Kanisia, pale aliposimama kumpa wosia. Alipofariki, Kanisia aliupeleka mkanda kwa fundi, ukahamishiwa kwenye flashi, akamnunulia mama yake runinga pana ili kila jioni akae na mumewe.

Jioni ya kwanza Mzee Kinunda alijaa kioo kizima, mashavu kama maandazi, kifua cha mwenyekiti wa ushirika.

"Mama, umemwona baba alivyonona?"

"Nimemwona. Huko aliko hawapalilii kahawa," Bibi Osmunda akajibu, akacheka mpaka akajifuta macho.

Majirani nao walikuja, wakasifu afya ya marehemu. Lakini jioni zilivyozidi kupita, kicheko cha Bibi Osmunda kilipungua, kikaisha. Siku moja, akiwa anachambua mboga, alifumba macho amtafute mumewe kama alivyozoea. Akaja yule mnene. Akafumba tena, akaja yule yule.

"Kanisia," akasema, akijigusa paji la uso, "yule wa kwenye kioo anamfukuza baba yako humu. Mtu niliyezeeka naye, mwanangu, sasa simpati."

Kanisia akaona ni uchungu tu unaosema. "Utazoea, mama."

Ikafika arobaini. Baada ya ibada watu walijaa sebuleni, na runinga ikawashwa ili wosia wa mzee usikike. Hapo ndipo alipoingia Mzee Kawanga kutoka Tunduru, mtani wa marehemu, ambaye mazishi yalimpita akiwa safarini. Kazi ya mtani msibani mnaijua: kumtukana maiti, kuwachokoza wafiwa, kuwachekesha wanaolia, na hakuna ruhusa ya kumnunia.

"Mtani kafika! Ficheni kuku!"

"Ficheni tu, manyoya nimeshayaona jalalani! Yuko wapi huyo mchoyo, aliyekufa ili asinikaribishe Krismasi?"

"Huyo hapo kwenye kioo."

Kawanga akatazama. Watu wakajiweka tayari kucheka. Akatazama mpaka wosia ukaisha.

"Huyu simjui," akasema.

Sebule nzima ikaangua kicheko. Kawanga alipogeuka, machozi yalikuwa yanamtiririka. "Sitanii, jamani. Nimetoka Tunduru nije nimtukane Kinunda usoni. Uso wake uko wapi? Shemeji, mmemzika mara mbili?"

Mtani kulia msibani lilikuwa jambo lisilopata kuonekana. Hakuna aliyejua nani ambembeleze, maana kazi ya kubembeleza ilikuwa yake.

Bibi Osmunda akainuka. Akaifungua kaniki nyeusi ya msiba aliyojitanda mabegani, akaichana katikati, akatundika kipande kimoja kulia mwa kioo na kingine kushoto, vikafunika kingo zake. Halafu akaiambia runinga, uso kwa uso:

"Upana wako ni wako, sikunyang'anyi. Lakini mume wangu hakuwa mpana. Pale asipofika yeye, paache. Pakae msiba wangu."

Runinga ikasikia. Tangu izaliwe ilikuwa imeombwa kuonyesha tu, haijawahi kuombwa kuacha. Ikaona haya. Picha ikaanza kujikusanya taratibu: mashavu yakaingia ndani, shingo ikarefuka, mifereji ikarudi mmoja mmoja. Mzee Kinunda akasimama katikati ya kaniki mbili, mwembamba, mwenyewe.

Kawanga akapenga kamasi. "Ahaa! Mkavu wewe! Nasikia hata jeneza lilikupwaya!" Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa.

Bibi Osmunda hakucheka wala hakulia. Alifumba macho, akakaa hivyo kitambo, kisha akatikisa kichwa kuitikia, kama mtu aliyesalimiwa.

Kaniki zilipotunguliwa, weusi wake ulibaki kiooni. Runinga ile ikawasimulia wenzake hewani, nao wakatii, kila mmoja kwenye nyumba yake.

Na tangu siku hiyo, picha yoyote ya enzi za chogo ikipita kwenye kioo kipana husimama katikati, na pembeni hukaa weusi, kulia na kushoto. Wapo wanaodhani kioo kimeharibika. Huchukua rimoti wakamvuta marehemu wa watu mpaka kingoni, naye huvutika, maskini, hana la kufanya. Wanaojua huacha. Na mtoto akiuliza pale peusi pana nani, huambiwa kwa sauti ya chini: "Hapana mtu. Tumepaacha."