Kabati la Mwanatumu

Hapo zamani, kabla msumari haujafika mji wa Kikwale, kabati liliundwa mbao kwa mbao, bila chuma. Sikilizeni, na mwenye kikohozi akakohoe nje, maana watu wa kisa hiki wananikera. Ubao wa mlango ulikaa ndani ya mfereji wake bila gundi, upate nafasi ya kutanuka na kunywea. Na desturi ilikuwa hii: kabati la harusi likipasuka mbele ya wageni, fundi aliyeliharibu hutupa chombo chake kisimani, asiguse mbao tena maishani. Hutupa mmoja tu. Wangetupa wote, nani angewatengenezea vitanda?

Siwajibu alikuwa mjane. Chombo chake kilikuwa jiwe la kusugulia alilorithi kwa mamake. Kwa jiwe hilo na majani ya msasa alilainisha mbao za watu, akazipaka mafuta zikang'aa, na wanawe wakala.

Bwana Shali alipomwoza binti yake Mwanatumu, aliagiza kabati la mvule. Mzee Haji Vuai apasue mbao, Siwajibu azilainishe, Fundi Faki aunge. Mara Shali akaiharakisha harusi, kwa sababu mkwe anasafiri. Haji akamwambia ubao mmoja bado mbichi. Shali akajibu kwamba harusi haingoji mti.

Basi Haji akautia ubao ule alama ya makaa, kama walivyozoea, ili Faki auweke mgongoni mwa kabati, pasipo na madhara. Lakini ubao ulipita kwanza kwa Siwajibu. Aliona weusi, akadhani masizi, hakuuliza. Akasugua ukatoka.

Faki akaupokea msafi, akauweka mlangoni. Mlango ukawa unagongagonga, ubao ukichezacheza mferejini. Watu wa nyumbani kwa Shali wakanung'unika, siku zimekwisha, naye Faki akatia gundi, jambo ambalo babake hakuwahi kulifanya.

Siku ya harusi Mwanatumu alisimama na ufunguo wa mti mbele ya kabati, vigelegele vikapanda. Hajaufikisha ufunguo kwenye kitasa, pakalia ka! Mlango umepasuka juu hadi chini. Vigelegele vikakatika. Ufunguo ukamponyoka, na bibi harusi akakaa chini palepale na dhahabu zake. 

Haji akasema alitia alama. Faki akaapa hakuona alama, ubao aliopewa ulikuwa safi kama sahani. Watu wakamgeukia mzee kwa macho ya kumwona mwongo.  Haji akaliokota shoka lake, akaanza kwenda kisimani.

Siwajibu angenyamaza, asingejua mtu. Aliwafikiria wanawe, akalifikiria jiwe. 

"Alama ilikuwepo," akasema. "Niliifuta mimi."

 Haji akasimama. Siwajibu akausogelea mlango, akapitisha kidole kwenye ufa, kikanata.

"Faki, umeugundisha?"

Faki akainamisha kichwa. Akasema waliotaka mlango usigongegonge ni wenye harusi, yeye afanyeje?

"Ubao mbichi ungenywea tu bila kupasuka kama ungeachwa huru," akasema Haji. "Na mkavu usingepasuka hata kwa gundi. Lakini mti nilisema haujakauka. Nilimwambia mwenye harusi."

Wote wakamtazama Shali. Kwa desturi, mwenye kabati ndiye wa kuchagua chombo cha kutupwa. Shoka la Haji, patasi ya Faki na jiwe vikapangwa ukingoni mwa kisima. Shali akavipitia kimoja kimoja, akarudi mwanzo. Siwajibu hakuliondolea macho jiwe la mamake.

Hapo mimi natua mzigo, muubebe nyinyi mliokaa kimya tangu nianze. Je, nani alistahili kutupa chombo chake? Na Shali, asiye na chombo, atupe nini?