Jina Lililoachwa Lilinde Ngome

Hekaya hii, wa kwanza kuisimulia katika ukoo wetu ni Bibi Mgeni binti Shali, mwaka wa mafuriko makubwa, 1961, njia zilipokatika na watu wakashinda ndani siku nyingi. Yeye aliipokea kwa babaye. Imeandikwa hapa kama alivyoisema, na pale aliposema "sikumbuki" hapakujazwa kitu.

Hapo zamani palikuwa na mji mdogo chini ya mlima, jina lake Kitopeni, na mwendo wa siku tatu kutoka hapo palikuwa na mji mkubwa wa Yumbwani, alikokaa Sultani. Miji hiyo miwili ilikula yamini. Sultani aliweka askari mia katika ngome ya Kitopeni wawazuie wanyang'anyi wa mlimani, na Kitopeni nayo iliahidi kwamba siku Sultani atakapopata vita itampelekea watu sitini. Ikawa hivyo miaka mingi, wala hapakuwa na aliyelalamika, ila mbuzi, maana askari wale walipenda nyama.

Basi mwaka mmoja askari walimlalamikia Sultani kwamba wali wa Kitopeni una mchanga na mbu wake hawana adabu. Sultani akawaonea huruma, akaamuru warudi. Wakaondoka na mikuki yao, na ngoma yao, na kwa kuwa milango ya ngome ilitengenezwa na seremala wa Yumbwani, wakaing'oa wakaenda nayo.

Jumbe wa Kitopeni, Mwinyikai, mtu mpole aliyependa mambo yaende taratibu, akauliza, "Na sisi, Bwana Waziri, tunaachiwa nini?"

Waziri aliyekuja kusimamia safari akafungua kitambaa cha hariri, akatoa ubao wa mninga uliochongwa jina la Sultani kwa herufi za dhahabu. Akasema, "Mnaachiwa hili. Sultani asema, jina lake pekee ni zaidi ya askari mia. Litundikeni langoni, na kila asubuhi lipigiwe baragumu. Yamini iko pale pale."

"Langoni hamna mlango, Bwana."

"Basi litaonekana vizuri zaidi," akasema Waziri, akapanda punda wake.

Watu wakalitundika. Siku ya nne, adhuhuri, wanyang'anyi wakashuka. Mkubwa wao akasimama mbele ya ubao, akautazama sana, kwa kuwa hakujua kusoma. Kisha akautundikia kiriba chake cha maji, mikono yake ipate nafasi. Wakaenda na mbuzi thelathini na nusu ya mtama uliokuwa ghalani.

Jumbe akapeleka malalamiko Yumbwani. Jibu likarudi: "Kama wamelitundikia kiriba, ni kwa kuwa mmeliweka chini mno. Linyanyueni." Wakalinyanyua. Wanyang'anyi wakashuka mara ya pili, na safari hii hawakuliona kabisa.

Mambo yakiwa hivyo, akaja tarishi kwa mbio. Sultani amepata vita upande wa kusini, na Kitopeni ilete watu sitini katika siku saba. Wasipofika, Jumbe aletwe kwa minyororo.

Jumbe akawakusanya watu. Wenye nguvu ya kushika silaha mji mzima walikuwa sitini na wanane. Wakienda sitini, watabaki wanane na wazee na wanawake, na mtama uliobaki ndio wa mbegu. Wanyang'anyi wakiuchukua huo, Kitopeni haitakuwapo mwaka ujao. Wasipokwenda, Jumbe atafia gerezani, na huenda Sultani akaja mwenyewe kuuchoma mji. Mke wa Jumbe akaanza kumfungia mumewe nguo, maana alimjua, alijua ataichagua minyororo.

Ndipo aliposimama Mshamu. Mshamu huyu alikuwa msuka mikeka, fukara wa mwisho, na watu walimwita Kanzumoja, kwa sababu siku akiifua kanzu yake hushinda ndani mpaka ikauke. Akasema, "Jumbe, niazime punda, na ubao, na mtu ajuaye kuchonga. Watu sitini nitawafikisha mimi."

Mtu mmoja akacheka, "We Kanzumoja, hata mbuzi hujapata kuchunga!"

"Ndiyo maana sijaibiwa hata mmoja," akasema Mshamu.

Jumbe akamtazama. "Na ukishindwa?"

"Nikishindwa wewe utafungwa kama ulivyokwisha kukusudia, nami nitakufuata. Hapatakuwa na hasara mpya."

Akapewa. Siku ya saba akafika lango la Yumbwani, kanzu imejaa vumbi, punda amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Askari wa lango akauliza, "Wako wapi watu wa Kitopeni?"

"Wamefika wote, hapana mgonjwa. Mwambie mpishi asihangaike, hawana njaa."

Akapelekwa barazani. Sultani alikuwa ameketi, na Waziri kuumeni kwake, na Kadhi kushotoni, na Amiri wa jeshi amesimama katika mavazi ya safari. Mshamu akasalimu, akafungua kanga, akausimamisha ubao. Ulikuwa wa mti hafifu, umechongwa majina sitini, kila jina na la baba yake, bila dhahabu.

Sultani akasema, "Ni nini hii?"

"Ni watu sitini, Bwana wangu, kama ilivyo katika yamini. Wahesabiwe."

"Haya ni majina!"

"Ndiyo, Bwana. Tulijifunza kwako. Wewe uliwaondoa askari mia, ukatuachia jina, ukasema lafaa zaidi yao. Sisi watu wadogo hatukuthubutu kujisifu hivyo. Jina lako moja lasimama badala ya watu mia. Letu, jina moja kwa mtu mmoja. Hatukupunja."

Waziri akafoka, "Mshenzi wewe! Jina la Sultani unalilinganisha na majina ya wakulima?"

"Hasha, Bwana Waziri. Ndiyo maana yetu ni sitini na lake ni moja."

Sultani akasimama kwa hasira. "Niambie, fukara, majina yatashikaje mkuki?"

Mshamu akainama. "Bwana wangu, swali hilo hilo tuliliuliza sisi, tukajibiwa tunyanyue ubao."

Sultani akamgeukia Kadhi. "Hukumu."

Kadhi alikuwa mzee, na wazee wa namna ile hawana haraka ya kupendeza watu. Akasema, "Bwana, ikiwa jina hulinda ngome, basi watu sitini wamefika, na Kitopeni imetimiza. Ikiwa jina halilindi, basi aliyevunja yamini mwanzo si Kitopeni. Chagua lolote, Jumbe hana kosa."

Sultani akaketi tena. Lakini hakuwa mjinga, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Vema. Nayapokea majina haya sitini. Kesho yatangulie mbele ya jeshi, nawe uyabebe. Yakirudi nyuma hatua moja, shingo yako."

"Nimekubali, Bwana wangu, majina yetu hayajui kukimbia. Ila adabu ya vita ni kwamba mshirika mdogo hufuata. Sisi tutalitanguliaje jina la Sultani? Litoe lako likae mbele kabisa, yetu yaje nyuma yake, na askari wako wote wabaki nyumbani wapumzike, kama walivyopumzishwa wale wa Kitopeni."

Amiri wa jeshi, aliyekuwa hajalala kwa kufikiri habari ya vita ile, akasema, "Amina," kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Aliyecheka kwanza ni Kadhi. Kisha baraza zima. Mwisho Sultani mwenyewe akacheka hata kilemba kikalegea. Asiyecheka ni Waziri tu, aliyekuwa akitafuta kitu sakafuni.

"Umenipata, ewe Kanzumoja," akasema Sultani, maana habari ya kanzu ilikwisha kufika. "Watu wenu sitini na wakae kwao. Nami nitawarudishia askari hamsini."

"Wabaki tu, Bwana wangu, wali wetu una mchanga. Turudishie milango, na utupe mikuki sitini."

Akapewa milango na mikuki, na mwenyewe akapewa kanzu ya pili, ambayo hakuivaa ila siku ya kuifua ile ya kwanza. Wanyang'anyi waliposhuka mara ya tatu walikuta mlango umefungwa, na juu ya ukuta watu sitini na wanane. Wanane wameshika michi, kwa kuwa mikuki haikutosha. Wakarudi walikotoka, na kiriba chao wakakisahau.

Katika waliotajwa humu hakuna aliye hai. Jumbe Mwinyikai alifia kitandani kwake. Mshamu hakuacha mali, ila punda wa kuazima. Bibi Mgeni alifariki mwaka wa 1979, na mpaka mwisho aliweza kuyataja majina yote sitini kwa utaratibu wake. Waliobaki wanayajua hamsini na manane, na mengi yao yangali yakiitwa huko Kitopeni kila asubuhi, watoto wakitumwa maji.

Ubao wa mninga ulihamishwa ukawa kifuniko cha banda la kuku, mvua ikaufuta. Jina la yule Sultani, Bibi alisema, "sikumbuki," wala hajapatikana mwingine alikumbukaye.